Aproni Zilizoshonwa Gerezani

Mdogo wangu alipofungwa, mimi nilikuwa nashona aproni za wapishi katika karakana moja Walthamstow, juu ya duka la vitambaa, karibu na lile soko refu la barabarani. Tulikuwa wanawake watatu: mimi mtu wa Tanga, mwenzangu mmoja Mpemba, na mwingine Mkongomani wa Bukavu. Mwenye karakana alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Sisi tulimwita Bosi. Yeye alituita dada zake.

Nilianza naye tangu hana kitu. Ile aproni iliyomjengea jina niliikata mimi, juu ya meza ya jikoni kwake, mkewe akitukaangia maandazi. Niliiwekea mfuko mwembamba kifuani upande wa kushoto, mdomo wake wa mshazari, ili mpishi akiinama kalamu isimtoke. Mikanda niliipitisha mabegani ikapishana mgongoni, isimkate mtu shingo. Wenye mikahawa waliipenda. Bosi akakodi chumba, akanunua cherehani, akawaajiri wenzangu. Sikudai chochote kwa mchoro ule. Nilijiona nimesaidia mtu wa kwetu.

Mdogo wangu simtetei. Alikuwa anaendesha gari la mizigo la watu waliokuwa wakihamisha simu za wizi, na alijua anachobeba. Alipohukumiwa nilikuwa mahakamani. Nilimwona akigeuka kunitafuta kwa macho, kisha askari akamshika mkono wakateremka naye ngazi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepooza. Asubuhi yake nikaenda kazini, kwa sababu nyumbani ningefanya nini?

Siku hiyo Bosi alikuwa na mgeni, meneja wa hoteli aliyekuja kutazama mzigo wake. Nilipovua koti tu, Bosi akapiga makofi katikati ya chumba kama anaita watoto shuleni.

"Jamani," akasema, "kuanzia leo kila mtu achunge mkoba wake. Wizi uko kwenye damu."

Akacheka. Akamgeukia mgeni akamfasiria kwa Kiingereza, na mgeni naye akacheka kidogo, kicheko cha adabu. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali ya cherehani. Niliukandamiza, nikashona pindo moja mpaka mwisho bila kuona ninachoshona. Lilipinda kama njia ya nyoka. Nikalifumua.

Laiti ingeishia pale, labda ningesema ni mzaha wa mtu asiye na adabu. Lakini jioni aliposimama mlangoni kutufungia, aliniambia, "Dada, usichukie, nifungulie mkoba nitazame. Ni utaratibu tu." Nikaufungua. Alitia mkono ndani, akapekua kitambaa changu cha kichwa, dawa zangu za presha, na kila kitu cha mwanamke kilichokuwemo. Ikawa ndiyo desturi yetu kila jioni.

Yule wa Bukavu hakuvumilia kunitazama. Jioni moja alitangulia mbele yangu, akaupindua mkoba wake mzima mezani: chanuo, Biblia, chupa ya mafuta, ganda la ndizi. "Mutazame na wangu," alimwambia Bosi. Tangu hapo alifanya hivyo kila siku, nisiwe peke yangu. Mpemba naye akafuata. Bosi aliona aibu? Hapana. Alipekua yote mitatu.

Mimi sikusema neno. Nilijua nikifungua mdomo nitatoka pale bila kazi, na nilikuwa na kodi ya nyumba na nauli za kwenda kumwona mdogo wangu. Lakini watu wanakosea wanapodhani anayenyamaza amesamehe. Kila jioni nikishuka zile ngazi nilikuwa namlisha mtu mmoja ndani yangu, na mtu huyo alikuwa ananenepa.

Baadaye kazi ikaanza kupungua. Vitambaa vilivyokuwa vikijaa mpaka dirishani vikawa vinakuja kwa mafungu madogo. Bosi alisema wateja wanataka rahisi, umeme umepanda, mwenye nyumba amepandisha pango. Siku moja alituita tukae, akatuletea chai kwa mkono wake mwenyewe. Nikajua.

"Dada zangu," akasema, "si mimi. Ni hali."

Mpemba alilia. Mimi nilikunja koti langu la kazi nikaliweka juu ya cherehani, nikaondoka. Siku hiyo hakuupekua mkoba wangu.

Tukatawanyika. Mpemba alipata kazi ya kutandika vitanda hotelini, wa Bukavu akawa anasafisha maofisi mjini, mimi nikaingia kwenye nyumba ya kutunza wazee. Ni kazi ya halali na wazee wangu niliwapenda, ila mikono yangu ilizoea kitambaa. Wakati mwingine nilijikuta nashika ukingo wa shuka la mgonjwa kwa vidole viwili nikipima pindo lake.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa amehamishiwa gereza la mbali, nje kabisa ya London, treni na kisha basi linalozunguka vijijini. Nilimkuta kanenepa usoni, macho yamechangamka. Tulikaa kwenye vile viti vilivyofungwa sakafuni, na meza fupi kati yetu.

"Dada, utacheka," alisema. "Siku hizi nashona."

"Wewe?"

"Mimi! Wallahi. Kuna karakana humu ndani. Mwalimu anasema nina mkono. Nikamwambia ni wa dada yangu."

Nilicheka kweli. Huyu ndiye aliyenivunjia sindano zote utotoni Tanga kwa kuchezea cherehani ya mama. Nikamuuliza wanashona nini.

"Aproni za wapishi. Si mchezo, ujue. Ina mfuko hapa, mwembamba, wa kalamu." Akachora juu ya meza kwa kidole. "Mdomo wake umekatwa mshazari. Huo ndio mgumu, mwanzo niliuharibu kila mara."

Nilikitazama kile kidole.

"Na mikanda inapishana mgongoni," nikasema.

"Umejuaje?"

Nikamuuliza lebo imeandikwa nini. Akanitajia jina la kampuni ya Bosi, akilitamka vibaya, kwa furaha, kama mtu anayejisifia kazi yake mpya. Kwake lilikuwa neno tu. Sikuwahi kumwambia habari za mikoba, sikutaka ajione ndiye sababu. Akaendelea kunieleza kwamba saa za karakana ndizo saa pekee anazotoka selo, kwamba kuna mzee mmoja anayewaimbia wakishona, kwamba malipo ni ya kununulia biskuti na kupigia simu tu lakini hajali. Nami nikaitikia, ehe, ehe.

Mtu aliyesema damu yetu ina wizi alikuwa anakula kwa mikono ya damu hiyo hiyo. Na ili ale vizuri, alikuwa ametutupa nje sisi. Ndani ya basi la kurudi niliegemeza kichwa changu kwenye kioo, nikakaza roho. Sikulia. Nilikuwa nafikiri kwa makini sana, kama unavyofikiri kabla hujatia mkasi kwenye kitambaa cha mtu.

Kilichonipa njia ni Kingsbury. Huwa nakwenda huko kununua unga wa muhogo na viungo kwenye duka la mzee mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Siku hiyo nikaona aproni zimetundikwa juu ya masufuria. Nilizijua kabla sijazigusa.

"Chukua moja, Mama," akasema. "Nzuri hizo. Zinashonwa na wafungwa."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe anajitangaza. Anataka serikali ipunguze kodi kwa kila mfanyabiashara anayenunua kitu kilichotengenezwa gerezani. Anasema sheria ikipita, hata mimi mwenye duka nitapata nafuu." Akaonyesha tangazo lililobandikwa mlangoni. "Wana mkutano. Mbunge anamtuma mtu wake."

Kwenye tangazo alikuwepo Bosi, suti ya buluu, mikono imekunjwa kifuani, anatabasamu. Chini yake maneno ya nafasi ya pili kwa waliokosea. Mkutano Jumamosi mchana, ukumbi wa Walthamstow, watu wote wanakaribishwa.

Watu wote. Nilimshukuru yule mzee mpaka akashangaa.

Nikawapigia wenzangu. Mpemba aliogopa. "Yule mtu ana watu wake," alisema, "tutaumbuka bure." Nikamwambia asiseme chochote, aje akae tu nionekane nina watu. Wa Bukavu sikumaliza kumweleza. "Miye niko tayari tangu zamani," akasema. "Ni siku gani?"

Siku yenyewe nilijipamba. Nilivaa dera langu jipya na mtandio wa hariri, nikapaka wanja. Sikutaka aseme kwamba ni mwanamke mwenye shida amekuja kupiga kelele. Tulikaa nyuma. Ukumbi ulijaa kiasi: wenye maduka, watu wa makanisa na misikiti, wawili watatu wa vyama vya kusaidia wafungwa. Mbele walikaa diwani aliyeongoza mkutano, mtu wa mbunge, mama mmoja mnene anayesimamia karakana za gereza, na Bosi.

Alipotuona, tabasamu lake lilitetereka, kisha likarudi. Nadhani alijiambia tutakuwa na adabu, maana siku zote tulikuwa nayo.

Akasimama, akazungumza Kiingereza chake kizuri. Sitasema alisema upuuzi. Alisema mtu akikaa kifungoni bila kazi anatoka ameoza, na hilo ni kweli. Mimi nilimwona mdogo wangu alivyofufuka. Alisema biashara ndogo inayowapa wafungwa kazi inastahili kupunguziwa mzigo wa kodi, ili na wengine wavutike. Wafungwa ni ndugu zetu, alisema, na sauti ikamtetemeka mahali pake hasa. Mama mmoja mbele yangu alifuta machozi.

Ndipo mtu mmoja akauliza: je, kazi hizi hazichukuliwi kwa watu wa nje?

"Hata kidogo," Bosi akajibu. "Zamani nilikuwa naagiza bidhaa ng'ambo. Hakuna mtu hata mmoja wa mji huu aliyepoteza kazi kwa ajili yangu."

"Bongo!"

Alikuwa wa Bukavu, kasimama. Kwao bongo ni uongo, na hata wasiojua lugha walielewa kutokana na sauti. Ukumbi mzima uligeuka. Diwani akauliza kuna nini. Nami nikainuka.

Kwa muda wote ule nilikuwa nimejiona nikifoka. Lakini sauti iliyonitoka ilikuwa ya chini, shwari. Nikasema: sisi watatu ndio tuliokuwa tunashona aproni zile, umbali wa kutembea tu kutoka hapa, na bwana huyu alitupa chai akatufukuza kazi. Nikasema mdogo wangu yuko gerezani na ndiye anayezishona sasa. Nikasema siku ya pili baada ya mdogo wangu kuhukumiwa, bwana huyu aliwaambia wenzangu wachunge mikoba yao, kwa kuwa wizi uko kwenye damu yetu, na tangu siku hiyo akawa anapekua mkoba wangu kila jioni kwa mkono wake.

"Sina swali kuhusu kodi," nikamaliza. "Nina swali moja kwake. Mdogo wangu akitoka, atampa kazi?"

Diwani akamgeukia. "Utampa?"

Mtu mwerevu angesema ndiyo. Angesema ndiyo tu, akanimaliza. Lakini Bosi alianza kueleza habari za bima, na funguo za stoo, na wateja ambao huenda wakawa na wasiwasi, na kila neno lilikuwa linamzamisha. Yule mama wa gereza akamkatiza. "Hawa wanawake walikuwa waajiriwa wako?"

"Walikuwa vibarua tu, wa hapa na pale."

"Kanuni yetu ni kutochukua kazi ya watu wa nje," mama akasema. "Ulituhakikishia."

Hapo Bosi akanitazama, akahamia Kiswahili, kwa ile sauti ya msibani. "Dada, yaishe basi. Tutazungumza nje, sisi ni watu wa nyumba moja."

Mimi nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Nikawafasiria wote alichokisema, kama yeye alivyomfasiria yule meneja wa hoteli. Kisha nikasema, "Hapana. Tutazungumza hapa hapa."

Sijawahi kuonja kitu kitamu vile. Nimeolewa, nimezaa, nimekunywa maji baada ya saumu ya kiangazi cha London ambacho jua halitaki kuzama. Hakuna kilichofikia utamu wa kuona uso wake ukishuka mbele za watu aliotaka wamheshimu. Alikaa chini.

Mambo yalikwenda haraka. Wale wa kampeni waliondoa picha yake kwenye matangazo. Gereza likasimamisha mkataba. Hoteli mbili zilizojisifia aproni zake zikakaa mbali naye. Karakana tupu iliyokuwa juu ya duka la vitambaa akairudisha kwa mwenyewe. Jumapili moja niliwapikia wenzangu pilau la nyama, tukala kwa mikono, tukamwigiza Bosi akieleza habari za bima mpaka Mpemba akapaliwa.

Kisha nikaenda kumtembelea mdogo wangu.

Alikuja mezani akiburuta miguu. Nikamuuliza anaumwa? Akasema haumwi. Karakana imefungwa, mpaka watakapopata kazi nyingine. Siku hizi wako selo mchana kutwa, yeye na mwenzake anayezungumza peke yake.

"Mwalimu katuambia kuna mwanamke alisimama mkutanoni London," akasema. "Ana kaka humu ndani, anashona aproni. Nikajiuliza ni nani."

"Ni mimi."

Nikamweleza yote, na ya mikoba. Alisikiliza kichwa kainamisha. Nilitazamia akasirike kwa ajili yangu.

"Mbona hukuniambia kabla?"

"Sikutaka kukuumiza."

"Ulikuwa unanipigania mimi pale, Dada, au ulikuwa unapigania mkoba wako?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa anataka nimdanganye, nilimwona. Lakini nilikuwa nimemshitaki mtu kwa uongo mbele ya ukumbi mzima.

"Mkoba wangu," nikasema.

Akainuka kabla muda haujaisha, akamwita askari amrudishe ndani. Wanawake wa meza za jirani walinitazama kwa huruma, wakidhani nimeletewa habari ya kifo.

Hakunipigia simu kwa muda mrefu sana. Niliumia, sitakataa. Karakana ilifunguliwa tena baadaye, ikashona shuka za magereza yenyewe na za kuuzia makampuni, lakini wengine walikuwa wameshahamishwa, na yule mzee mwimbaji alikuwa amepelekwa kwingine. Niliyajua hayo kwa mwalimu wao, niliyempigia mwenyewe. Hata hivyo nilipokuwa najiuliza kama ningemwacha Bosi apate kodi yake na sifa yake ili mdogo wangu aendelee kushona, jibu lilikuwa lile lile kila mara. Nisingemwacha.

Mdogo wangu alipotoka alikuja kwangu, maana hakuwa na pengine. Nilimpa chumba cha mwanangu aliyehama. Alianza kutafuta kazi na cheti chake cha ushonaji mkononi. Kila alipofika kwenye swali la kifungo, mazungumzo yalikwisha. Alikwenda hata kwenye kampuni moja iliyokuwa ikinunua shuka za gereza lile lile. Wakamwambia hawana nafasi. Wakati yuko ndani kazi ya mikono yake ilifaa. Alipokuja nayo yeye mwenyewe, mlango ukafungwa. Ile kampeni bado ipo, nasikia. Hawajapata sheria yao. Wakiniuliza mimi, kama kuna mtu wa kupunguziwa kodi, awe ni yule anayemwajiri mfungwa siku anapotoka.

Aliyemchukua ni yule mzee wa Kingsbury. Alimtengea pembe nyuma ya duka, apinde suruali na kupunguza blauzi za sari. Hakupunguziwa kodi yoyote kwa hilo. Alisema tu kwamba mtaa mzima unahitaji fundi.

Na Bosi? Nilikutana naye mwaka jana kwenye hitima ya mama mmoja wa kwetu. Tulikuwa tunatoka, wanaume wamesimama barabarani wanatafuta viatu vyao na magari yao. Amepungua, ndevu zimekuwa nyeupe. Akanijia, akanyoosha mkono, kisha akaukumbuka ustaarabu akauweka kifuani.

"Dada, leo tumemsomea marehemu. Tusameheane."

"Mimi sikusamehe," nikamwambia. Watu walisikia. Mmoja wa wazee akasema astaghfirullah.

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Akanipita, akampa Bosi mkono, akamuuliza hali ya watoto, wakazungumza kidogo kama watu. Nilimsubiri kituoni.

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele yangu, hakugeuka. Tulipita madirisha ya maduka yaliyokuwa yakiwashwa taa moja moja.

"Amezeeka, Dada," akasema hatimaye.

"Hata mimi nimezeeka," nikamjibu, nikabonyeza kengele tushuke.